Kwa Nini Wapangaji Hawakai: Jua, Hewa na Thamani ya Jengo

Saa nne usiku, Sinza, Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Umeme upo, feni inazunguka, dirisha liko wazi, na bado usingizi hauji. Ukiweka kiganja kwenye ukuta ulio kichwani mwa kitanda unakuta ni wa moto kama bakuli la uji lililotoka jikoni sasa hivi. Nililala chumba hicho miaka miwili. Jengo lilikuwa na nyumba nane, nne zikitazama barabara upande wa mashariki, nne zikiwa nyuma upande wa magharibi. Katika miaka hiyo miwili magari ya kuhamisha vyombo yalikuja mara sita, na mara zote sita yalizunguka nyuma. Mbele hakuhama mtu.

Mwenye nyumba, mzee mwema sana, alihangaika. Alibadilisha vigae, akaweka taa za rangi kwenye dari, kisha akajenga chumba cha mazoezi kule chini, pembeni mwa jenereta. Wapangaji wa nyuma wakaendelea kuhama. Kila mmoja alitoa sababu yake: huyu amehamishiwa Dodoma, yule mtoto wake anakohoa kila wiki, mwingine bili ya umeme imemshinda. Hakuna aliyetaja ukuta. Hata mimi nilipoondoka nilimwambia mzee kwamba nasogea karibu na kazini.

Tumezoea kuzungumzia afya ya wakaaji kama jambo la madaktari na thamani ya jengo kama jambo la wathamini na madalali. Kwenye ule ukuta mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja, na yote mawili yaliamuliwa siku ramani ilipochorwa, kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa.

Tuanze na huo ukuta. Tofali la inchi sita la mchanga na saruji hunywa joto taratibu na kulitoa taratibu. Jua la saa kumi alasiri likiupiga ukuta wa magharibi, joto lake linachukua saa kadhaa kupenya, na linatokeza ndani usiku, watu wanapopanda kitandani. Ukuta wa mashariki nao unapigwa vilevile, ila asubuhi. Joto lake linaingia chumbani mchana, watu wako kazini na shuleni, na ikifika usiku umeshapoa. Tofali ni lilelile, fundi ni yuleyule, kodi ni ileile. Tofauti ni saa ya kupigwa na jua.

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima. Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba, linasimama utosini kabisa. Jua lililo juu hivyo ni rahisi kulizuia. Dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.2 linahitaji kivuli cha zege cha sentimita 70 hivi ili jua la adhuhuri ya Juni lisiguse kioo. Dirisha la kusini, kwa jua la Desemba, linatosheka na karibu nusu ya hapo. Jua la jioni halizuiliki hivyo. Liko chini, linapenya chini ya kila kivuli utakachokijenga juu ya dirisha, na linaingia hadi ukuta wa pili wa chumba. Ndiyo maana jengo la pwani linatakiwa lilale kutoka mashariki kwenda magharibi: kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, kuta fupi ndizo zibebe jua la asubuhi na la jioni.

Kwa bahati njema, upepo nao unakubaliana na mpango huo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki, na kusi huvuma kutoka upande wa kusini kwa miezi mingi inayofuata. Jengo lililolala vizuri kwa jua limelala vizuri pia kwa pepo hizo mbili. Mabaharia wa majahazi waliishi kwa kuzifuata pepo hizi, na sisi tunachora nyumba kana kwamba hazipo.

Najua jibu la haraka: kiwanja hakigeuki. Ni kweli, viwanja vyetu vimekatwa kufuata barabara, vingi vyembamba, na jirani yuko mita tatu. Lakini ndani ya kiwanja kibaya bado kuna uhuru mkubwa. Ngazi, vyoo, stoo na makabati ya ukutani vinaweza kupangwa magharibi vyote, maana hakuna anayelala kwenye ngazi. Mbele ya ukuta unaopigwa na jua panaweza kusimama ukuta wa pili wa matofali ya matundu, umeachana na wa kwanza kwa upana wa kupita mtu, ukaota jua wenyewe huku hewa ikipita katikati. Na kama kuna mita chache za udongo, mkungu mmoja hutanda matawi yake kama sakafu za ghorofa na ndani ya miaka michache unafunika madirisha ya ghorofa ya kwanza. Mara nyingi mita hizo huwa zimeshawekwa pevingi kwa ajili ya gari la pili.

Sasa madirisha. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu tulikuwa na kitu kizuri tukakitupa. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo leo liko karibu kila jengo jipya mjini, haliwezi kufunguka zaidi ya nusu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Ukilipa fundi dirisha la mita mbili, umepata mita moja ya hewa. Weka wavu wa mbu, na upepo unaobaki unapungua tena. Madirisha ya luva ya majengo ya zamani, yale ya vipande vya vioo vinavyogeuzwa kwa mpini, yalifunguka karibu yote, na yangeweza kuachwa wazi mvua ikinyesha. Yalikuwa na kasoro zake, vumbi na wezi wakiwa wa kwanza. Lakini yaliingiza upepo. Dirisha la bawaba linalofunguka lote, lenye wavu na grili, hutatua sehemu kubwa ya kasoro hizo, na mafundi wetu wanaweza kulitengeneza kwa aluminiamu ileile.

Dirisha moja, hata liwe kubwa, halitoshi. Upepo ni kama mgeni: haingii pasipo na pa kutokea. Chumba chenye uwazi upande mmoja tu kinapata hewa ya kutosha kwa kina cha mara mbili hivi ya kimo cha dari; zaidi ya hapo hewa inadumaa. Chumba chenye uwazi pande mbili kinaweza kuwa na kina cha hadi mara tano ya kimo hicho na hewa bado ikapita. Hapo ndipo fleti nyingi zinapofeli, zile zilizopangwa huku na huku ya korido ya giza katikati, kila nyumba ikiwa na madirisha upande mmoja tu. Kinachowashinda wapangaji ni ile korido. Jengo lilelile lingechorwa na korido ya nje, kama varanda ndefu, kila nyumba ingepata upepo pande mbili, na korido yenyewe isingehitaji taa mchana.

Hapa watu hunijibu: "Si tuna AC?" AC nyingi za majumbani, zile za kipande kimoja ndani na kingine nje, hazileti hewa mpya hata kidogo. Zinachukua hewa iliyomo chumbani, zinaipoza, zinairudisha ileile. Bomba linalotoka nje limebeba gesi ya kupozea, halibebi hewa. Watu watatu wakilala chumba kilichofungwa na AC ikiunguruma, asubuhi wanakuwa wamevuta pumzi za wenzao usiku kucha. Ule uzito wa kichwa wa kuamkia, ambao wengi tunausingizia uchovu, huenda chanzo chake ni hiki.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Syracuse, Marekani. Wafanyakazi 24 waliwekwa kwenye ofisi ambayo hewa yake ilibadilishwa siku hadi siku bila wao kuambiwa. Siku zilizokuwa na kemikali chache hewani, alama zao katika mtihani wa kufikiri na kuamua zilikuwa juu kwa asilimia 61 kuliko siku zenye hewa ya ofisi ya kawaida. Hewa mpya ilipoongezwa tena, zilikuwa juu kwa asilimia 101. Watu 24 ni wachache, na ofisi ya Marekani si chumba cha Sinza. Hata hivyo mwelekeo wake unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa mkutano wa saa tatu katika ukumbi uliofungwa.

Wazee wa pwani waliyajua mengi ya haya bila maabara. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar, miji iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 na 2000, zina kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita. Joto la jua haliwahi kupenya kabla usiku haujazipoza. Katikati kuna kiwanda, ua ulio wazi juu, unaoruhusu hewa moto kupanda na kutoka. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba nyumba moja inaipa nyingine kivuli. Kinachonifurahisha zaidi ni birika la maji la Lamu: ndani yake walifuga visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu, na chini wakajengea bakuli ili maji yakipungua samaki wawe na pa kukaa. Hiyo ni kinga ya magonjwa iliyojengwa ndani ya nyumba, na kuwatunza hao samaki ilikuwa kazi ya kawaida kama kufagia.

Sisemi turudi tukajenge vile. Boriti za mikoko ziliwabana wajenge vyumba vyenye upana wa karibu mita tatu tu, na vyumba vya ndani vilikuwa na giza. Cha kuchukua kwao ni mpangilio. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alipanga kivuli na hewa kwa zege alipochora Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa. Inatoa kivuli kama miti, hewa inapita katikati yake, na mvua inashuka kupitia nguzo hadi kwenye tangi chini ya ardhi. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya. Aliyewahi kuingia humo saa saba mchana kabla ya moto anakumbuka tofauti kati ya kusimama chini ya ile miavuli na kusimama mtaani nje.

Na linapokuja suala la ugonjwa wenyewe, ushahidi ulio karibu nasi ni mzito. Kule Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011 hospitali iliyochorwa kwa kuogopa kifua kikuu. Korido ziliwekwa nje ili wagonjwa wanaosubiri wasirundikane kwenye hewa moja, madirisha yakawekwa chini na juu kabisa ya wodi, na mafeni makubwa yakasaidia hewa kupanda na kutoka. Vitanda vimepangwa katikati ya wodi, vimegeuzwa vitazame madirishani, kwenye milima. Hili la kutazama nje lina historia yake: mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji huko Pennsylvania. Waliokuwa na dirisha linalotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo na waliomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Kwetu Mtwara, zimejengwa vijijini nyumba 110 za ghorofa moja juu ambazo watafiti wanaziita Star, vyumba vya kulala vikiwa juu, kuta za juu zikiwa za wavu unaopitisha hewa, choo na maji ya mvua yakiwa sehemu ya nyumba. Waliwafuatilia watoto walioishi humo na watoto wa nyumba za kawaida jirani. Malaria ilipungua kwa zaidi ya theluthi, na kuhara na magonjwa ya njia ya hewa yakapungua pia.  Kilichobadilishwa ni kuta, paa, maji na mahali pa kulala.

Tuje kwenye fedha, maana mwenye jengo anayo haki ya kuuliza faida. Mthamini anapokadiria jengo la kupangisha, njia yake kuu ni kuangalia kipato halisi cha mwaka, kisha kukigawa kwa kiwango cha faida ambacho wanunuzi wa eneo hilo wanakitarajia. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 7.2. Mpangaji akihama kila mwaka, na nyumba ikakaa tupu miezi miwili kila mara, milioni 1.2 imepotea. Mpangaji akikaa miaka mitatu ndipo ahame, hasara hiyohiyo ya miezi miwili inagawanyika kwa miaka mitatu, na kwa mwaka inakuwa 400,000. Tofauti ni 800,000 kwa mwaka. Ikiwa wanunuzi wanatarajia faida ya asilimia 8, 800,000 gawanya kwa 0.08 ni shilingi milioni 10 za thamani kwa nyumba moja. Nyumba nne za nyuma za jengo letu la Sinza zingekuwa milioni 40. Sijaongeza rangi inayopakwa kila mpangaji akitoka, wala vitasa vinavyobadilishwa.

Milioni 40 hizo hazikuhitaji kodi ipande hata senti. Zingetokana na watu kulala usiku na hivyo kukaa. Ndipo ninapotofautiana na matangazo mengi ya majengo ya kisasa, yanayoahidi kwamba afya itakuletea kodi kubwa zaidi. Inawezekana: watafiti wa chuo cha MIT walikuta ofisi zenye vyeti vya afya ya jengo katika miji kumi ya Marekani zikipata kodi ya juu kwa kati ya asilimia 4.4 na 7.7 kuliko majirani zake. Lakini mpangaji wa Sinza, wa Buruburu kule Nairobi au wa Kisauni kule Mombasa hapangi kwa cheti. Anapanga kwa bei na umbali, na anabaki au anaondoka kwa namna anavyolala, anavyopata maji na anavyomwona mtoto wake akicheza.

Kwa kipimo hicho, huduma za pamoja zinapangika tofauti na vile vipeperushi vinavyozipanga. Maji yanakuja kwanza: tangi la chini na la juu yenye ujazo wa kuvuka siku kadhaa za mgao, mifuniko inayofunga, na mahali pa kuyasafishia. Kisha ngazi. Ngazi yenye mwanga wa jua, upepo na vidato visivyochosha hutumika kila siku na kila mtu kuanzia bibi hadi mtoto wa chekechea. Ni mazoezi ambayo hakuna anayeyalipia, na umeme ukikatika lifti ikasimama, ndiyo inayobaki. Ngazi nyingi nilizopanda zimefichwa nyuma ya mlango wa chuma, zina giza na harufu ya taka. Jenereta likae mbali na vyumba vya kulala, moshi wake utoke upande ambako upepo unaupeleka mbali na jengo, usiingie madirishani. Na pawepo baraza. Tulipohama nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na ukumbi wa katikati, tukapanda ghorofani, tuliiacha baraza chini. Pamoja nayo tukaacha mahali ambapo jirani anajua kwamba mama wa chumba cha tatu hajaonekana tangu jana. Benchi la zege chini ya kivuli, karibu na geti, mahali watoto wanapoonekana kutoka madirishani, linagharimu kidogo kuliko mashine moja ya kukimbilia.

Bwawa la kuogelea na chumba cha mazoezi si dhambi. Shida yake ni kwamba vinakula fedha kila mwezi, na kwenye majengo yanayouzwa nyumba mojamoja, ambako Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 na Kenya ya mwaka 2020, gharama hiyo inawaangukia wamiliki wote kama ada ya huduma. Wachache wakiacha kulipa, bwawa linageuka kijani. Bwawa la kijani linashusha bei ya nyumba zote zinazolitazama. Kivuli cha zege, dirisha la bawaba na korido ya nje havidai ada ya mwezi.

Mwaka jana mdogo wangu alinitumia ramani ya nyumba nne za kupangisha anazotaka kujenga Goba. Mchoraji alikuwa kijana makini, mistari yake safi. Vyumba vya kulala vyote vilikuwa magharibi, ngazi na vyoo mashariki, kwa kuwa barabara iko huko na alitaka bomba la maji taka liwe fupi. Tulikwenda kiwanjani saa kumi jioni, tukasimama mahali ambapo kitanda kingewekwa, jua likatupiga usoni. Mdogo wangu akafunika macho kwa ile ramani. Mchoraji aliitazama, akaigeuza kwenye kompyuta jioni ileile, akarefusha bomba mita tisa, akatutoza kurasa mbili za kuchapisha upya.